Nanga inanunuliwa, mgongo haununuliwi

Kwa familia nyingi za mwambao, kuanzia Moa mkoani Tanga hadi Msimbati mkoani Mtwara, chakula cha nyumbani hutegemea mgongo wa mtu mmoja. Ni yule anayetoka alfajiri na ngalawa, dau au mashua ndogo ya tanga, na kurudi jua likiwa kali au usiku ukiwa umeshaingia. Akirudi amejishika kiuno, mkewe humpa pole na kazi, chupa ya dawa ya kuchua hushushwa kutoka juu ya kabati, na kesho yake safari inaendelea.

Akiulizwa kilichomuumiza, atataja makasia, nyavu au umri. Lipo tendo moja ambalo halitajwi sana kwa sababu huchukua dakika chache tu, nalo ni kung'oa nanga. Hapo mtu huinama, akajipinda upande, akavuta kwa nguvu zake zote kitu ambacho haoni kimeshikwa na nini, huku chombo alichosimama ndani yake kikimyumbisha.

Habari njema ni kwamba kazi hii haihitaji misuli mingi kama wengi wanavyodhani. Upepo, mawimbi na maji yanayojaa vinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi, mradi nahodha ajue kuvitumia na awe na subira.

Kwa nini kiuno ndicho kinachoumia

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili za mifupa, na katikati ya pingili hizo kuna diski laini zinazofanya kazi kama mto wa kuzuia msuguano na kishindo. Mtu akiinama na kushika mzigo ulio mbali na mwili wake, uzito unaofika kwenye diski za kiunoni huwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule ulioko mkononi. Akiinama na kujipinda kwa wakati mmoja, hatari huongezeka, na hilo ndilo hasa afanyalo mtu anayevuta kamba juu ya ubavu wa chombo.

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kuinuliwa kwa mikono katika mazingira mazuri kabisa: sakafu imara, mzigo ukiwa karibu na mwili, bila kujipinda. Ndani ya ngalawa hakuna hata moja kati ya hayo. Nanga yenyewe inaweza kuwa na kilo 8 au 10 tu, lakini ikiwa imejichimbia kwenye tope, anayevuta havuti kilo 10 tena. Anavuta nanga, tope lililoishika, pamoja na chombo kizima kinachosukumwa na upepo upande wa pili.

Saa nazo zina nafasi yake. Usiku mtu anapolala, diski hufyonza maji na kuvimba kidogo, ndiyo maana mgongo huwa mgumu asubuhi. Vilevile aliyekaa ameinama na mshipi kwa saa nyingi huwa amevilegeza viungo vya kiuno. Katika hali zote mbili, kusimama, kutembea hatua chache kama chombo kinaruhusu, na kujinyoosha kwa dakika mbili au tatu kabla ya kushika kamba ni kinga isiyogharimu senti.

Siri iko kwenye mvuto wa kamba

Wengi huamini nanga hushika kwa sababu ni nzito. Uzito husaidia, lakini kinachoshika hasa ni makucha yake kuingia mchangani au topeni. Makucha hayo hushika vizuri kamba inapovuta kwa kulala, karibu sambamba na sakafu ya bahari. Kamba ikivuta kwa kusimama wima, makucha hufumuka.

Kanuni hiyo moja inatosha kuongoza kazi yote. Ukitaka nanga ishike, toa kamba ndefu. Ukitaka iachie, fupisha kamba hadi chombo kiwe juu yake kabisa. Anayejaribu kuing'oa akiwa mbali anapigana na nanga pale inapokuwa na nguvu zaidi, na silaha aliyonayo ni kiuno chake.

Kutia nanga kwa akili

Kung'oa kwa urahisi huanzia kwenye kutia. Kwanza chagua sakafu. Mchanga na tope laini hushika vizuri na huachia vizuri. Mwani mnene huzuia makucha kufika chini. Mwamba na matumbawe hushika vibaya kwa namna mbili: ama nanga huteleza, ama hunasa moja kwa moja. Isitoshe, matumbawe ndiyo makazi ya samaki wadogo, na nanga moja inayoburuzwa huvunja kilichochukua miaka mingi kukua. Palipo na boya la kufungia vyombo, litumike hilo.

Pili, karibia mahali hapo ukiuelekea upepo au mkondo, kutegemea kipi kina nguvu zaidi siku hiyo. Tua tanga, acha chombo kisimame chenyewe. Nanga iteremshwe taratibu, isirushwe. Inayorushwa hujizungushia kamba yake, na anayeirusha anaweza kujipinda kiuno au kuondoka nayo mguu ukiwa umenaswa.

Tatu, acha chombo kirudi nyuma huku ukitoa kamba kidogo kidogo, kisha ikaze ili makucha yaingie. Kamba ifungwe omo, yaani mbele ya chombo. Isifungwe ubavuni wala tezi, kwani wimbi likija kwa nyuma au kwa ubavu linaweza kujaza chombo kidogo au kukipindua.

Nne, hakikisha nanga imeshika. Tazama nchi kavu, chagua vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mnazi na paa la nyumba nyuma yake. Vikiendelea kuwa pamoja, umeshika. Vikianza kuachana wakati chombo hakijageuzwa na upepo, nanga inaburuzwa.

Hesabu ya kamba na maji

Katika hali ya kawaida, kamba hupaswa kuwa ndefu mara 5 ya kina cha maji, na mara 7 upepo ukiwa mkali. Kosa la kawaida ni kuhesabu kina cha wakati ule tu wa kutia nanga. Mwambao wetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makavu na maji makuu huzidi mita 3.

Chukua mfano wa chombo kilichotia nanga kwenye mita 2 maji yakiwa yamekupwa. Ongeza mita 3 na nusu za bamvua, na nusu mita ya kimo cha omo kutoka usawa wa maji. Jumla ni mita 6. Mara 5 ni mita 30, yaani kama pima 17 kwa wanaopima kwa mikono iliyonyooshwa. Aliyehesabu mita 2 tu na kutoa kamba ya mita 10 atashangaa nanga yake ikifumuka maji yanapojaa, mara nyingi watu wakiwa wamelala.

Mita chache za mnyororo kati ya nanga na kamba husaidia mara mbili: hulaza mvuto chini na huzuia kamba isikatwe na mwamba. Kamba nayo isiwe nyembamba mno. Nyembamba inaweza kuwa imara, lakini hukata viganja.

Kung'oa bila kukomoana na nanga

Kabla ya kuvuta, kubalianeni nani anashika kamba na nani anashika usukani au kasia. Upepo humeza sauti, hivyo ishara za mkono ni bora kuliko kupiga kelele. Kisha endeni hadi juu ya nanga kwa kasia au pondo. Anayevuta kamba hapo hana kazi ya kuvuta chombo, kazi yake ni kukusanya kamba iliyolegea tu.

Akae chini au apige goti, miguu ikiwa imejikita, magoti yamekunjwa, kamba ikiwa karibu na kifua. Avute kwa kuegemea nyuma na mwili mzima, mkono kwa mkono, bila kujipinda. Omo inaposhuka kwenye bonde la wimbi, kamba hulegea: hapo ndipo pa kuvuta. Omo inapopanda, asivute, azungushe kamba kwenye sehemu imara ya omo na kuishikilia tu.

Kamba isizungushwe kamwe kwenye kiganja, kwenye kifundo cha mkono wala kiunoni. Wimbi moja likiinua chombo, kilichozungushiwa kamba ndicho kitakachokatika. Pete ya ndoa ivuliwe. Kamba inayoingia iwekwe kwenye ndoo au tenga, na miguu isisimame katikati ya mizunguko yake.

Nanga ikifika juu, isinyanyuliwe kwa mikono iliyonyooka nje ya chombo. Ipumzishwe kwanza kwenye ukingo, isuuzwe tope, kisha iingizwe na watu wawili.

Ikigoma

Hapa ndipo subira inapolipa. Kamba ikiwa wima, ikaze wakati omo iko chini, izungushe mahali imara, kisha subiri. Eneo la mita ya mraba 1 la chombo likizamishwa sentimita 10 zaidi, maji hulisukuma juu kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 100. Hiyo ni zaidi ya mara 4 ya kikomo cha kilo 23, na haijagusa mgongo wa mtu.

Kama bahari ni shwari, abiria wasogee mbele kwa uangalifu ili omo ishuke, kamba ikazwe, kisha warudi nyuma taratibu. Omo itapanda na kuvuta. Maji yakiwa yanajaa, hata kukaa tu na kusubiri hufanya kazi hiyohiyo.

Ila kuna tahadhari mbili. Kamba ifungwe kwa namna inayofunguka upesi, na kisu kiwe karibu. Chombo kidogo kilichofungwa wima wakati mawimbi makubwa yanapita kinaweza kuzamishwa omo yake. Bahari ikiwa imechafuka, njia hii isitumike kabisa.

Ikishindikana, legeza kamba, zunguka hadi upande wa pili, uvute kutoka huko. Nanga iliyoingia chini ya jiwe kwa upande mmoja mara nyingi hutoka kwa njia ileile iliyoingilia.

Mabaharia wanaojua wanakwenda mahali penye mawe hujiandaa mapema. Hufunga kamba ya pili, nyembamba, kwenye kitako cha nanga, pale mikono inapokutana, na mwisho wa kamba hiyo huelea na boya dogo, hata dumu tupu la lita 5. Nanga ikinasa, huvutwa kwa kitako na kutoka kinyumenyume. Kamba hiyo ipimwe kwa maji makuu, la sivyo boya litazama maji yakijaa.

Nanga ya mikono minne iliyochomelewa kwa nondo ina faida yake kwenye mawe: ikivutwa sana, nondo hupinda na kuachia. Nyumbani hunyooshwa tena.

Kupiga mbizi ni uamuzi wa hatari

Yote yakishindikana, wengi huvua shati na kuzama. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Anayezama kufuata nanga huingia kwenye mazingira yenye kila sababu ya ajali: amechoka, yuko peke yake, kuna mkondo, na chini kuna kamba ya kumnasa.

Hatari isiyofahamika sana ni kuzimia kimya kimya. Wapo wanaopumua kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama wakiamini wanajaza hewa. Wanachofanya hasa ni kupunguza kabonidayoksaidi mwilini, ambayo ndiyo humpa mtu hamu ya kuvuta pumzi. Oksijeni humwishia kabla hajahisi shida yoyote, naye huzimia chini au akiwa karibu kufika juu, bila kupiga kelele wala kutapatapa.

Masikio nayo huumia. Katika kina cha mita 10, mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Anayelazimisha kushuka huku sikio likimuuma anaweza kupasua ngoma ya sikio, akapata kizunguzungu na kupoteza mwelekeo wa juu ni wapi.

Njia iliyo salama zaidi ni kufunga boya kwenye kamba, kuiacha nanga, na kuirudia maji yatakapokuwa makavu kabisa. Kama hali ya hewa inabadilika na hakuna muda, kamba ikatwe.

Ikitokea mtu ametolewa majini hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kubonyezwa tumbo ili atapike maji. Alazwe chali, apewe pumzi za kinywa kwa kinywa, kisha kifua kibonyezwe katikati kwa nguvu na haraka, mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Akirudi nyumbani ameumia

Maumivu mengi ya kiuno yanayotokana na kuvuta hupungua ndani ya wiki chache. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Mgonjwa apumzike na kazi nzito lakini aendelee kutembea kadiri anavyoweza. Vidonge kama diklofenaki visiliwe kila siku bila ushauri wa mtaalamu, kwani vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mtu anayeshinda juani bila maji ya kutosha.

Zipo dalili ambazo hazisubiri kesho: ganzi kati ya mapaja au sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa au mkojo kugoma kutoka, na mguu kuishiwa nguvu. Hizo ni ishara kwamba mishipa ya fahamu imebanwa, na mgonjwa anatakiwa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.

Kiganja kilichounguzwa na kamba kipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Kisipakwe dawa ya meno wala mafuta. Jeraha la matumbawe lioshwe kwa maji safi na sabuni, vipande vyote vitolewe, na mgonjwa aulizie chanjo ya pepopunda. Likivimba, likawa jekundu na la moto, au homa ikapanda, aende kituo cha afya mara moja.

Kidole kikikatika, jeraha libanwe kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu. Kipande kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe kwenye barafu. Kipande chenyewe kisigusane na barafu. Wavuvi wengi hubeba barafu ya samaki, hivyo hili linawezekana.

Makubaliano yafanyike nyumbani

Sababu inayomfanya mtu azame au avute hadi asikie kiuno kikilia si ujinga. Ni hofu ya kurudi bila nanga. Nanga na kamba ni fedha, na huenda chombo ni cha tajiri anayesubiri hesabu ufukweni. Mtu akiwa peke yake baharini na hofu hiyo, uamuzi wa kukata kamba huja akiwa ameshachelewa.

Ndiyo maana uamuzi huo ufanywe mapema, nchi kavu, kati ya mwenye chombo, nahodha na familia. Mwenye chombo atamke wazi kwamba nanga iliyokatwa kwa usalama haitakatwa kwenye mgawo wa mtu. Mke aseme kwamba hatamlaumu baba watoto kwa kurudi na kipande cha kamba. Fedha kidogo itengwe kila wiki kwa ajili ya nanga ya akiba, au nondo ikachomelewe mapema na iwekwe ndani ya chombo.

Kabla ya safari inayofuata, kaya inaweza kukagua mambo matano kwa dakika tano: kamba ina urefu wa kutosha kwa bamvua, boya la kitako cha nanga lipo, kisu kiko omo, kila mtu ana jaketi la kujiokolea, na kuna mtu wa pili wa kusaidia. Lolote likikosekana, lipatikane kwanza kabla tanga halijatwekwa.